Dakika Mbili za Mzee Ambilikile

Mzee Ambilikile Kibona hakukipenda kile kishikwambi tangu siku kilipoletwa, na usimwulize kwa nini, maana naye atakuuliza nani amekutuma. Mndali wa kijiji cha Ibaba huyo, miaka ishirini na miwili katika karakana ya kuunda tela za malori pale Tunduma. Kazi yake ni moja tu: tela ikishachomelewa, hupita na nyundo ndogo akigonga kila kiungo, sikio kaliinamisha. Chuma kilichoshika vizuri kinalia, chenye ufa kinanung'unika. Akisikia kimenung'unika anachora duara la chaki, na fundi aliyekosea anawanunulia wenzake chapati. Tela moja humchukua dakika arobaini. Madereva wa Zambia, wanaomwita mudala, yaani mzee, hawavuki mpaka na tela mpya kabla ya kuuliza kama mudala ameigonga.

Sasa kaja Brian, mtaalamu wa TEHAMA kutoka Dar es Salaam, shati limenyooka, maneno laini. Akafunga kishikwambi kwenye kila hatua: kukata, kuchomelea, ukaguzi, rangi. Ukianza kazi unabonyeza, ukimaliza unabonyeza.

"Ni kwa ajili ya malengo ya biashara, mzee," alisema.

Malengo ya biashara! Ambilikile alimtazama kuanzia viatu mpaka miwani. Kitu kinachohesabu dakika kinatafuta mtu wa kupunguza, alijiambia, na mwenye dakika zisizoongeza kitu kwenye tela alikuwa yeye. Miaka hamsini na tisa, mke, shamba dogo la kahawa huko milimani, na hakuna karakana nyingine itakayomchukua mzee wa kugonga vyuma. Aliogopa, jamani, tusimsingizie ujasiri.

Wiki ya kwanza runinga aliyoitundika Brian ukutani ilionyesha hatua zote za kijani, isipokuwa ukaguzi, nyekundu kama pilipili. Felix, mchomeleaji mwenye mdomo, akacheka: "Mzee, wewe ndiye unatuchelewesha kumbe!" Kuanzia hapo Ambilikile akaanza kuona mambo. Brian na Mama Jenista, mwenye karakana, walikuwa wakinyamaza akipita. Siku moja Mama Jenista alimwamkia mara mbili, asubuhi na mchana. Mara mbili ya nini? Mtu anayetaka kukufukuza ndiye anayekuamkia mara mbili.

Basi akapanga lake. Akaanza kufika saa kumi na moja alfajiri, mlinzi akamfungulia, akagonga tela zilizomalizwa jana yake. Alipokuta ufa hakuchora chaki wala kumwambia mtu, aliuchomelea mwenyewe akasugua mpaka usijulikane. Saa mbili kishikwambi kikiwashwa, anabonyeza kuanza, anaizunguka tela kama mtu anayetafuta kobazi lake, anabonyeza kumaliza. Dakika mbili! Ukaguzi ukageuka kijani na Brian akampigia makofi mbele za watu.

"Mbona siku hizi hatuli chapati?" Felix aliuliza. "Hatukosei tena?"

"Mmekuwa mafundi," alijibu, kavu.

Mwezi ukaisha, Mama Jenista akaita kikao. Brian akawasha runinga, uso unang'aa. Tela thelathini zimetoka, ukaguzi dakika mbili kila moja, hakuna hata moja iliyorudi na ufa. Kwa hiyo, alisema, ukaguzi wa dakika mbili unatosha. Kuanzia Jumatatu mchomeleaji mwenyewe ataizunguka tela yake, na mzee Kibona atahamia kwenye rangi.

Hakuna aliyemfitini. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimekiambia kile kitu, mara thelathini, kwamba kazi yake si kazi. Akinyamaza, atapewa brashi, na Jumatatu tela zitaanza kutoka bila kugongwa. Akisema, ni mwongo mbele ya karakana nzima.

"Nimewadanganya," alisema.

Akaeleza yote, alfajiri zote. Felix hakucheka. Mama Jenista aliuliza jambo moja tu: "Ulikuta nyufa ngapi, baba?"

"Kumi na nne."

Kila mchomeleaji alitazama buti zake, maana kila mmoja alijua mlima unaoteremkwa na tela iliyojaa shaba. Brian alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Mama Jenista alikasirika, na hakuficha. "Mimi mfumo huu sikuununua nijue nani anakimbia. Wewe Brian, nilikwambia lengo langu ni tela isirudi, ukaenda kuhesabu dakika. Na wewe baba, mwakani unastaafu. Nilitaka mfumo ushike unachokijua wewe, ukiondoka kibaki hapa. Mwezi mzima, umeniachia dakika mbili na uongo."

Maneno yalimchoma, lakini shaka haikumtoka. Ishirini na miwili ni miaka mingi ya kujifunza kwamba mabosi wana ulimi.

"Na hicho kishikwambi kikishajua kila kitu," aliuliza, "kabla ya huo mwaka kwisha, mtanibakiza?"

"Sijui, baba," alisema Mama Jenista. "Sitaki kukuahidi."

Ambilikile alisubiri maneno laini yafuate. Hayakufuata. Tangu kile kitu kiletwe, hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloambiwa ambalo aliliamini lote.

"Haya, Brian," alisema, akinyanyuka. "Hicho kitu chako kinasikia?"

"Kinarekodi sauti, mzee."

"Kilete kwenye tela, kirekodi nikigonga. Na uje na karatasi, maana chuma kitasikilizwa na hicho, mimi utanisikiliza wewe."