Babu Aliyeomba Diskete Tupu

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa wengine watautia chumvi, na chumvi iliyomo inatosha. Mwalimu wa foaye ya wamama hapa Kindu, pale wanapofundishwa kusoma, amefariki. Habari ilifika shuleni asubuhi, tukiwa bado katika mistari ya animasio, tunaimba na kukichezea Chama viuno kama kila siku. Direkteri wa nidhamu akanyamazisha ngoma kwa mkono, akatamka jina lake, nasi tukabaki tumesimama bila kujua tuipeleke wapi mikono yetu. Alasiri nilikuwa kwenye kilio. Na pale, mbele ya mjane na watu waliokaa kwenye mikeka, nilichukua miwani ya marehemu iliyokuwa juu ya meza, nikaivaa, nikavuta sanduku la sabuni mbele yangu kama ndiyo ile kompyuta yake ya Makintoshi, nikaanza kumwiga. Nilipapasa sanduku kwa vidole viwili kama yeye. Nilikohoa kama yeye. Kisha nikamtazama kontable, mtunza hesabu wa foaye, juu ya miwani, nikasema kwa ile sauti ya puani: "Sitwayeni, umeme ukikatika, utabaki na nini mkononi?" Watu wakacheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: niliposikia kicheko, nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Wasomaji wa safu hii mnaijua desturi yetu. Mzee akifa, wajukuu hawalii, wanachezea kilio. Wanavaa koti la marehemu, wanatembea na fimbo yake, wanalala mlangoni jeneza lisipite mpaka wapewe kuku. Ni haki yao, na ni dawa kwa wanaolia. Lakini hiyo ni desturi ya mtu aliyeshiba siku, aliyeacha ukoo umejaa uani. Mwalimu hakushiba. Hakuwa na mvi hata moja, na kitinda mimba wake ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Huyo ndiye niliyemchezea bujukuu, huo utani wa wajukuu.

Mtauliza mimi ni mjukuu wake kwa damu gani. Kwa damu hakuna. Ni serikali iliyotuunganisha. Majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku na kila Mzaire akaambiwa aitwe sitwayeni, yaani mwananchi, na atafute la mababu, yeye alikuwa kijana wa shule kama mimi leo. Akachukua jina la babu yake, na kwa bahati ndilo jina la baba ya mama yangu. Kwetu anayelibeba jina ndiye mwenyewe. Kwa hiyo mama yangu alimwita "baba" ingawa alimzidi umri, naye akamwita "binti yangu" na kumwagiza maji ya kunywa bila aibu. Na mimi nikapata babu anayecheza mpira. Tukikutana njiani nilimwambia, "Babu, bado hujafa tu? Mke wako atanizeekea." Alijibu, "Nangoja kwanza uoge." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu.

Mama yangu alikuwa pia mwanafunzi wake. Mnawajua wamama wale: wanatoka kwenye mashamba ya mpunga au sokoni, wanapitia foaye, wanakaa kwenye viti vya watoto, wanashika kalamu kama wanashika kisu. Vitabu vya kusomea vilitoka Kinshasa, na ndani mlikuwa na picha za majumba ya ghorofa na bwana mwenye tai akipanda lifti. Wamama walikuwa wanauliza lifti inapikwa namna gani. Mwalimu akaamua kuwaandikia kitabu chao wenyewe, chenye mpunga, samaki wa moshi, gari moshi kituoni, lori la Kalima lililokwama kwenye matope. Alianza kwa taipureta na stensili, ila taipureta haichori, na stensili zilikuwa zinachanika. Kutoka hapo hakuwa na neno lingine kichwani isipokuwa kitabu hicho kiishe. Na kikohozi kilikuwa kimekwisha kuanza.

Ndipo ikaja habari ya Makintoshi. Padri mmoja mzee alikuwa Ulaya kwa likizo. Wafadhili wakampa mashine mpya aje nayo. Kwa wasiojua, mashine ile bila programu ni sanduku lenye kioo. Programu ndiyo akili yenyewe, nayo inakaa ndani ya kisahani kidogo cha plastiki kinachoitwa diskete. Ukitia ya kuandika, sanduku linaandika. Ukitia ya kuhesabu, linahesabu. Wafadhili walisema watatoa akili tatu, si zaidi, na foaye ijichagulie. Direktrisi, mama mkuu wa foaye, akaita mkutano. Mimi niliitwa kwa sababu ndimi niliyekuwa nachora picha za stensili, baada ya mwalimu kuona kiboko niliyemchora kwenye ukuta wa choo cha shule, mwenye miwani na tumbo la mfetu wetu, mkubwa wa shule. Badala ya kunishtaki aliniuliza kama ninaweza kuchora sufuria pia.

Kontable hakungoja. "Ya kwanza ni ya hesabu, hii haina mabishano. Mchele wa wamama unaingia ku depo ya foaye, unatoka, mimi njo nalala na kalamu sikioni."

"Na herufi kubwa?" akaruka kijana wa Chama. "Sikukuu iko karibu, na mabango tunaandika na makala ya jikoni! Muko wachoma makala ao muko wanamapinduzi?"

"Mimi naomba ya mchezo," nikasema.

"Weye nyamaza," akasema direktrisi.

"Hapana, mama, mwache," mwalimu akasema. "Iko na ombi yake kama sisi. Jenereta yetu inakunywa mazutu saa mbili kwa siku, na siku zingine haikunywi kitu. Basi kila programu tuiulize: umeme ukikatika, tutabaki na nini mkononi?" Akamgeukia kontable. Kontable akasema tutabaki na hesabu. "Hesabu unayo tayari, na kalamu yako haijakosea." Akamgeukia kijana wa Chama. Yule akasema tutabaki na bango. "Bango la siku moja." Akanigeukia mimi, nikamwambia tutabaki na kicheko. "Kicheko kinabaki tumboni, si mkononi," akasema. "Ila hicho tunakipata bure, tangu ulipozaliwa."

Akataja mbili: ya kuandika na ya kuchora. Tukangoja ya tatu. "Ya tatu sitaki," akasema. "Kwa nafasi yake watupe diskete tupu. Nyingi, zote wanazoweza."

Tulicheka mpaka direktrisi akashika meza. Mtu anaulizwa na Wazungu achague akili, anaomba tupu! Jibu lilipelekwa kwa fonie, redio ya mawasiliano ya misheni, kwenda Bukavu na kutoka huko Ulaya, na mnajua fonie yetu: ukisema na Bukavu unasema na Maniema nzima. Mwalimu alipotamka "diskete tupu, narudia, tupu," sauti ikaingia kutoka Kalima: "Kindu, Kindu, muombe na chupa tupu, sisi tuko na kiu!" Na Punia ikadakia: "Na sufuria tupu, yetu imejaa hewa!" Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na direktrisi ndiye aliyemalizia ujumbe.

Kontable alikasirika, na nikiri kwamba alikuwa na haki yake. Mpaka leo anajumlisha mchele kwa mkono, na nimemwona akijumlisha safu moja mara tatu na kupata majibu matatu. Lakini mashine ilipofika tulielewa. Kile kisahani chenye programu hakina nafasi ya kazi yako. Unachoandika lazima kihifadhiwe pengine, la sivyo jenereta ikizima kinakwenda na mwanga. Na Kindu hii, kuanzia gare ya gari moshi mpaka bandarini, hakuna duka linalouza diskete tupu. Tungekuwa na akili tatu na hatuna mahali pa kuweka tulichofikiri.

Alinifundisha kuchora na kile kidude wanachokiita panya, chenye mkia wa waya, panya wa kwanza kuingia Maniema asiliwe. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa yeye mwenyewe, shingo ndefu, miwani mikubwa, anakohoa moshi kama gari moshi. Akautazama. "Hifadhi," akasema. Nilidhani anatania. "Hifadhi, nimesema. Kisha uchore kikapu." Hakuna mstari tulioandika bila yeye kusema neno hilo. Tulikwenda somo kwa somo: yeye anaandika sentensi, mimi nachora, printa inalia kama panzi aliyekanyagwa, na jioni wamama wanapata karatasi yenye mpunga wao ndani. Nilimwona mama yangu akisoma neno "mchele" kwa kidole, kisha akirudia bila kidole, kisha akitazama huku na huku kama aliyeiba.

Alipokuwa amekonda alikwenda Kalima kwa lori kutafuta hospitali, akarudi amekonda zaidi, hakueleza kitu. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakuchagua ile programu kubwa ya kuandika ambayo padri aliisifu, yenye mambo mengi. Akajibu, "Nilichagua rahisi, ambayo hata mpumbavu ataiweza nyuma yangu." Nikamwuliza, "Mpumbavu gani, Babu?" Alinitazama tu juu ya miwani, nami nikacheka kwa sababu nilidhani ni zamu yangu ya kucheka. Nimeielewa juzi, ninyi wasomaji wangu, wakati haina faida tena kwake.

Nimefikiri sana juu ya zile tupu. Sisi ni watu wa kuomba vitu vilivyojaa. Tunaomba trekta, haliji na mazutu. Tunaomba hospitali, tunapata jengo lenye bamba la shaba na kitanda kisicho na godoro. Kila kitu kinafika na ngoma na hotuba, kisha kinakufa kwa kukosa kitu kidogo ambacho mtu mzima aliona haya kukitaja mkutanoni. Sitaendelea, gazeti hili linapita mikononi mwa watu wengi na mimi bado nataka diploma. Nasema tu kwamba babu yangu alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akiomba nafasi, si kitu. Na nafasi ile hakuiomba kwa ajili yake. Mtu anayejua anaondoka hachagui kwa ajili yake. Anayechagua chombo, awe wa Makintoshi au wa jembe, ajiulize ni nani atakayekishika akiwa hayupo. Hilo ndilo somo, na nimelilipia ghali.

Maana hamjasikia mwisho wa kilio. Nilipokohoa mara ya pili, kicheko kilikatika. Kontable, yuleyule aliyekosa programu yake, alikuwa wa kwanza: alifunika uso kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti, mtu mnene vile. Sikujua kwa nini mpaka nilipohisi kitu kwenye suruali yangu. Ni yule kitinda mimba wa mwalimu, mtoto wa kike. Alikuwa ameshuka kutoka kwa mama yake, amevuka mkeka kwa miguu yake inayotetemeka, ameshika goti langu, anatazama ile miwani. "Papa," akasema. Akanyoosha mikono abebwe. Sikujua nimbebe au nisimbebe. Nikambeba. Akanishika mashavu, akanitazama kwa karibu, akaona siye, akaanza kulia, na mimi nikasimama pale na miwani ya mtu aliyekufa, nina mtoto wake mikononi, na mzaha wote wa dunia umeniisha. Mjane hakunigombeza. Alikuja, akamchukua mtoto, akanivua miwani, akaifuta vioo kwa kitenge chake, polepole, kama mtu anayeifuta kila asubuhi, akaitia kifuani.

Tulirudi nyumbani na mama tukifuatana, yeye mbele. Tukavuka reli, tukapita mbele ya foaye. Foaye ilikuwa imefungwa. Kwa dirisha niliona mashine imefunikwa kitenge, na kando yake lile boksi la diskete. Kitabu hakijaisha, yamebaki masomo mawili, na kontable amekwisha kusema kwa sauti kwamba mashine isiyo na mwenyewe itapelekwa kwa wenye kazi nayo. Nilitaka kumwomba mama msamaha, lakini mimi najua kuchekesha tu, maneno mengine hayaniji. Tulipofika uani alisimama, akafungua kilemba, akanigeukia. Hiki ndicho alichosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mimi pia nilicheka, usifikiri nitakuchapa. Nilicheka, kisha nikakumbuka njo nani amekufa. Sasa unisikilize. Baba yangu amekwenda, sisi wamama tumebaki katikati ya kitabu, na muntu moja tu katika Kindu muzima anayejua ile mashini njo weye, kichwa maji. Kesho ukitoka masomo usipite ku mpira. Uende ku foaye, ukae, uandike mpaka iishe. Na usitie upuuzi wako ndani hata kidogo, kwa sababu mimi nitausoma."