Kioo cha Barazani

Kinyozi wetu alinyolea barazani kwake, na ndege hakuwapenda hata kidogo. Mkewe ndiye aliyemfundisha kwamba yule anayeng'aa kijani na yule wa rangi ya majivu, wote wenye midomo myembamba iliyopinda, ni ndege aitwaye chozi, dume na jike lake.

"Kama sisi tu," mkewe alimtania, "ila kwetu mrembo ni mimi."

Kila jike lilipojenga kiota mlangoni, dume liligombana na kioo cha kinyozi. Lilidhani aliyemo ndani ni dume jingine lililokuja kupora maua ya uani, basi likakidonoa mpaka likachoka. Kinyozi alitukana. Mkewe alicheka, akakifunika kioo kwa mtandio wake mpaka mteja afike.

Mke alifariki mvua zilipoanza. Kinyozi aliporudi kazini, mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Tulilikuta dume linapigana na kioo, manyoya ya kichwani yamenyonyoka. Siku zote za msiba hakuna aliyekumbuka kukifunika.

Safari hii hakutukana. Aliingia ndani, akatoka na ule mtandio, akakifunika, kisha akaninyoa.

"Sasa nitajionaje, fundi?" niliuliza alipomaliza, nikinyoosha mkono niufunue.

Akaupiga mkono wangu kama wa mtoto mtundu.

"Uache hapo hapo! Nenda nyumbani mkeo akutazame. Wewe si unaye?"