Futari ya Mtu Asiyefunga

Leo nimefuturishwa, na wala sikufunga.

Ndui imefika hapa Moa, mtaa wa pili kutoka kwetu. Asubuhi dresa wa serikali kaja kuchanja watu, tukapanga foleni. Mie mwanamume mzima, ilipofika zamu yangu nikaogopa kuchanjwa.

Nikamwambia, "Bwana, leo nimefunga sunna."

Kweli ni Alhamisi. Lakini mie na sunna, mnanijua.

Dresa akanitazama. "Basi njoo kesho, kabla sijaondoka."

Nyuma yangu alikuwa Bi Mwanaisha, jirani yangu, bibi wa watu. Alisikia yote. Akatoa mkono, akachanjwa.

Mie huyo nyumbani, nikala wali na samaki.

Magharibi nasikia hodi. Ni Bi Mwanaisha. Mkono uliochanjwa kaukunja kifuani, kwa wa pili kabeba bakuli la uji wa futari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Futuru, mwanangu, nami nipate thawabu kama zako."

Kama zangu.

Nikaunywa wote, ananitazama.

Kesho nakwenda kuchanjwa. Lakini niambieni, jamani, bakuli lake nitalirudisha na maneno gani?