Mpunga Juu ya Zege la Marselino

Marselino wa Kasansa alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna zahanati inayoutibu: alipenda kuulizwa. Ukimkuta siku ya gulio pale Kibaoni, kakalia ndoo iliyopinduliwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, mwiko wa uashi kauchomeka mfuko wa nyuma kama wenzake wanavyochomeka simu, usidhani anatafuta kazi. Kazi anazo. Anangoja swali.

Na maswali hayakuwa haba.

"Injinia, mbona msingi wangu umepasuka na hata kupaua sijapaua?"

"Umejenga wapi?"

"Kule bondeni, jirani na majaruba ya mpunga."

"Basi hukujenga, umepanda muhogo. Udongo mweusi ule masika unavimba kama andazi, kiangazi unanywea mpaka panya anapita kwenye ufa yeye na mkewe. Chimba mpaka uumalize, shindilia moram, ule udongo wa changarawe, ndiyo uanze kuongea habari za mawe."

Mwingine naye: "Nikizidisha maji kwenye zege si linateleza vizuri?"

"Hata uji ukizidisha maji unateleza vizuri. Nenda kasimame juu ya uji."

Watu wanacheka, aliyeuliza anacheka kwa shida, Marselino anajifuta jasho ambalo halipo. Uinjinia huo hakupewa na chuo chochote. Alimaliza la saba, akabeba karai kwenye kambi za barabara, akasikiliza, akashika. Na alishika vizuri, asinyimwe haki yake. Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mtu anayesema, "Zege likishakauka..." Hapo alikuwa anainua mwiko.

"Zege halikauki. Shati ndilo linakauka. Zege linaiva, na maji ndiyo moto wake. Ukilimwaga ukaliachia jua, umelipakua bichi. Limwagilie wiki nzima, asubuhi na jioni, ulifunike magunia mabichi. Likishashiba, tembo wa Katavi akilala juu yake ataamka na mafua, lenyewe halina habari."

Sasa mtu mwenye maneno kama hayo, ungetegemea analala kwenye nyumba gani? Mkewe Kasilda alikuwa na jibu. Alikuwa analala nalo kila siku.

Kasilda alitoka Kapalamsenga, kule ziwani, kwenye nyumba ya matofali ya kaka zake wanaovua dagaa. Alipoolewa Kasansa aliambiwa kibanda cha miti na udongo ni cha muda. Muda huo ukamzaa Mercy, ukamsomesha Mercy, ukamwoza Mercy, kibanda kikiwa palepale. Kila masika ukuta wa upande wa mvua ulikuwa unadondoka, na mume yuko Usevya anajengea watu kuta zisizodondoka. Kasilda akajifunza kukandika mwenyewe. Mwaka mmoja alikandika huku ana homa, na Marselino aliporudi akamsifia kwamba ameuweka ukuta wima.

Siku hiyo Kasilda hakununa wala hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akasema, "Baba Mercy, masika ijayo ikikukuta kwenye kibanda hiki, itakukuta peke yako."

Marselino alimfahamu mkewe. Mtu wa ziwani akisema anaondoka, ameshakagua chombo. Kwa hiyo safari hii alijenga kweli. Kasilda aliuza mpunga wake wa misimu miwili, sementi ikaja. Kiwanja kilikuwa na udongo mweusi huohuo wa kuvimba, na kuumaliza wote kwa jembe hakuna mtu angeweza, lakini Marselino alichimba mpaka mfereji ukamfika kiunoni, akashindilia moram, akapanga mawe, akafunga nondo. Juu yake akamwaga mkanda wa zege wa kuzunguka nyumba nzima, ule unaoushika msingi usicheze udongo ukicheza, na siku ileile akamwaga na jamvi la sakafu. Lilinyooka kama maji ya bwawa. Watu walikuja kulitazama tu. Apolinari, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, alivua viatu ndiyo akakaribia.

Kasilda alianza kulimwagilia kesho yake. Bomba la kisima liko mbali, lakini alikuwa anachota huku anaimba, na wanaomjua wanasema walikuwa hawajawahi kumsikia akiimba.

Hapo ndipo mpunga ulipoingia.

Sisi watu wa Mpimbwe kwa mpunga hatuna mpinzani, anayebisha aje tupime magunia. Lakini tuna jambo letu: wakati wa mavuno, mahali pa kuanikia hapanyimwi mtu. Unaweza kumnyima jirani chumvi, ukamnyima hata salamu, ila ukimnyima uwanja wa kuanika mpunga unaoloa, jina lako litazikwa kabla yako. Na mwaka ule mvua ilikawia kuondoka. Ilipokoma jua likawaka kali, ila viwanja vyote vya udongo vilikuwa bado tope. Kijiji kizima palikuwa na mahali pamoja pakavu, papana, pasafi.

Bibi Nyamizi ndiye aliyepiga hodi wa kwanza, mwanamke wa makamo ya mama yake Marselino, gunia likiwa juu ya baiskeli.

"Mwanangu Injinia, mpunga wangu unataka kuchipua guniani. Nianike leo tu. Jioni nazoa."

Kasilda alikuwa na ndoo kichwani. Akasimama.

"Mama, zege linanyweshwa hilo."

"Siku moja tu, mkwe wangu. Si limeshakuwa gumu? Ona, nagonga."

Marselino aliutazama mpunga, akamtazama mkewe. Jibu alikuwa nalo, lilelile la kwenye ndoo pale Kibaoni, angeweza kulisema usingizini. Lakini Bibi Nyamizi akaongeza, "Mahali kama hapa hata Mpanda mjini hapapo." Basi. Bwana mkubwa akaachia tabasamu.

"Anika, mama. Jamvi ni la watu."

Kasilda akashusha ndoo. Maji yale akayamwaga kwenye mche wa mpapai.

Jioni Bibi Nyamizi alizoa, kweli. Ila kesho yake alikuja Apolinari na magunia yake, na mwenyekiti wa jumuiya utamwambiaje hapana wewe uliyemwambia ndiyo bibi? Baada yake wakaja wote. Wengine hawakuzoa hata jioni, walikusanya chungu katikati, wakafunika turubai, wakasema wataanua kukicha. Wakawa wanapishana wenyewe, wanagombana wenyewe, wanamletea Marselino kuku na kumwita baba wa kijiji. Naye anazunguka pale na fimbo anafukuza mbuzi wasile mpunga wa watu.

"Angalau pembeni," Kasilda alimwambia. "Niumwagilie mkanda tu, nisiguse katikati."

"Maji yatatiririka, Mama Mercy. Utalowesha mpunga wa mwenyekiti."

"Na nyumba yangu?"

"Zege lake nimelichanganya vizuri. Hailingani na za wengine."

"Kumbe za wengine ndizo zinataka maji."

Jua la kiangazi lilikamua zege lile mpaka likawa jeupe kama unga wa muhogo.

Wa kwanza kugundua alikuwa mwenye mashine ya kukoboa pale Kibaoni. Alishika mchele kiganjani, akatafuna punje, akatema. Mchanga. Maana zege lililoiva nusu huwa linatoa vumbi, na wenye mpunga walikuwa wanaugeuza na reki za mbao kutwa nzima, kila wakivuta wanavuta na sakafu ya Kasilda. Wanunuzi wakaanza kuuliza, "Umeanika wapi huu?" Ukisema kwa Marselino, wanafunga gunia wanakurudishia.

Sasa sikia shukrani za watu. Siku ya gulio Marselino kakaa kwenye ndoo yake, Apolinari akaja, na nyuma yake watu.

"Injinia, leo na mimi nina swali. Zege lako ulichanganya sementi na nini?"

"Na kokoto, mwenyekiti. Na mchanga."

"Mchanga tumeuona. Tumeula."

Watu wakaangua kicheko kilekile cha siku zote, isipokuwa leo kilikuwa kimegeuka upande.

"Lilikosa maji," Marselino akasema. "Mpunga wenu ulilala juu yake. Nilishindwa kulimwagilia."

"Ahaa. Kwa hiyo kosa ni la mpunga." Apolinari akageukia watu. "Mnasikia nyie? Tumemharibia fundi zege lake kwa punje."

"Ungetuambia," Bibi Nyamizi akasema, na yeye hakuwa anacheka. "Mimi ni mkulima, nitajuaje habari za zege? Ungesema, mama, hapana."

Kabla jua halijatua ilishajulikana mpaka kijiji cha Mamba kwamba Marselino huwa anaiba sementi, ameiba hata ya kwake mwenyewe. Waliokuwa wameongea naye kazi wakaenda kwa Japhet, fundi aliyekuja kutoka Mpanda, kijana asiyecheka na mtu.

Mwenye akili angevunja mkanda ule akaanza upya. Lakini sementi ya kuanza upya ingetoka wapi, na masika ilikuwa inakuja. Alipandisha matofali. Alijenga kama mtu anayekimbizwa, kuta zikafika kwenye lenta, akapaua kwa bati za kuungaunga. Kasilda alikuwa anampa matofali, tofali baada ya tofali, bila neno. Akaingiza kitanda, akatundika picha ya Bikira Maria. Kuimba hakuimba.

Mvua zilipokolea, udongo mweusi ukaanza kazi yake. Ulinyanyua pembe ya nyumba upande wa kisima, kidogo tu, kiasi ambacho mkanda ulioiva ungekibeba bila wewe kujua. Huu haukubeba. Ulikatika kama muwa. Ufa ukapanda kutoka chini, ukapita dirishani, ukafika kwenye bati, na asubuhi Kasilda aliamka akaona mwanga mahali pasipo na dirisha.

Alipeleka mkono. Ukaingia mpaka kwenye kifundo.

Marselino alikuwa amesimama nyuma yake. Kasilda hakugeuka.

"Baba Mercy, limeiva?"

Yule mtu aliyekuwa na jibu la kila swali la zege kuanzia Kasansa mpaka Kibaoni alikwenda kulitoa begi uvunguni.

Kasilda aliteremsha picha ya Bikira Maria, akaifunga kwenye kanga. Marselino akambebea begi mpaka barabarani. Walisimama wakisubiri gari, wamenyeshewa wote wawili.

"Nitavunja. Kiangazi namwaga upya, Mama Mercy. Safari hii simpi mtu."

"Utampa," Kasilda akasema. Hakusema kwa hasira. "Akija anakuita Injinia, utampa."

Gari likaja, akapanda kwenda Mpanda, na kutoka Mpanda kwenda ziwani kwa kaka zake. Mercy alimpigia simu baba yake mara kadhaa akimwomba amfuate mama. Baba alikuwa anajibu kwamba anamalizia kazi kwanza.

Kiangazi kilichofuata kuta alizishusha kabla hazijamwangukia, matofali mazima akayauza, akarudi kibandani kwake. Jamvi likabaki, na ufa wake. Mavuno yakafika. Asubuhi moja alisikia hodi, akatoka, akamkuta Bibi Nyamizi na baiskeli, gunia, na kitu kimekunjwa kwapani.

"Nimekuja na turubai, mwanangu. Nitatandika kwanza, mchanga wako usiniingilie. Hakuna ubaya?"

Marselino alilitazama jamvi.

"Mkwe wangu anarudi lini?" bibi akauliza, huku tayari anakunjua.

"Shika upande huo, mama," Marselino akasema. "Upepo utalichukua."

Wakalitandika pamoja, wakaweka mawe kwenye pembe. Bibi akamwaga mpunga wake, akausambaza vizuri, akaenda zake. Marselino akachukua fimbo, akakaa kwenye ndoo kufukuza kuku.