Sauti Yangu Katika Nyumba ya Mtu

Sauti iliyowekwa kwenye mtambo ilikuwa yangu. Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu cha Busia, upande wa Uganda: mimi, na dada mmoja wa Tororo aliyejua kuandika programu. Siku ya kurekodi yeye alikuwa na mafua, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kidogo kwa sababu nilisoma ng'ambo ya mpaka. Basi nikasogezewa kipaza sauti.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mtu asiye na salio, mwenye kasimu kadogo ka tochi, anabipu namba yetu. Mtambo unampigia, anasema anachotaka kumwambia nduguye, kisha mtambo unampigia yule ndugu na kumsikilizisha. Hakuna kusoma wala kununua vocha. Tuligawa laini za majaribio Mwello, Masinya, na kule Majanji ziwani, tukaanza kusubiri, na kusubiri kwenyewe kulininyima raha. Kila mtambo ulipokaa kimya nilidhani umekufa, na kila ulipolia nilidhani umeharibu jambo.

Ujumbe uliorekodiwa vibaya, au maneno ya aliyepokea simu bila kubonyeza kitu, yalikuwa yanarudi kwetu. Asubuhi moja mwenzangu alikuta rekodi moja iliyokuwa imekaa kwenye mtambo siku kadhaa bila kusikilizwa. Akanipa vile vya kuweka masikioni.

"Wewe!" mwanamume alikuwa anapiga kelele. "Sema jina! Kila jioni wewe naita mke wangu mama, mama. Wewe ni nani?"

Kilikuwa Kiswahili cha mpakani, ambacho "naita" yake huwa "unaita" au "anaita". Kisha mwanamke akasema kitu kwa Kisamia, lugha ya kwao, haraka haraka. Kikafuata kishindo, na simu ikakatika.

Namba ilikuwa ya Masinya. Mwenye laini tulimkumbuka, mama kijana mwenye mimba kubwa, aliyetuambia anataka kuongea na mama yake mzazi aliyeko Majanji. Nikayakumbuka maneno niliyorekodi, ambayo siku ile tulijisifu kuwa ni ya upole: "Habari yako, mama. Nina ujumbe wako. Bonyeza moja nikuambie." Sasa niliyasikia kwa sikio la mume anayepokea simu ya nyumbani jioni, akakuta mwanamume wa Kiswahili laini, kama mchuuzi wa kule Kenya, anayeulizwa jina na hajibu.

"Kishindo kile ni cha nini?" niliuliza.

"Labda simu ilianguka," mwenzangu alisema.

"Labda."

Tulipiga ile namba mara nyingi, haikupatikana. Mwenzangu akasema aende yeye, kwa kuwa ni mwanamke. Kisha akabadili mawazo mwenyewe: "Nikienda mimi, mume atasema tunamficha mwenye sauti."

Nikapanda boda. Njia nzima niliwaza nitakuta nini katika boma lile: kilio, askari, au mlango uliofungwa. Muhogo ulikuwa umeanikwa kando ya barabara na watu walikuwa wanaugeuza kwa utulivu wao wa kila siku, na utulivu ule ulinizidishia hofu. Nilijaribu kuongea peke yangu kwa sauti nzito zaidi, isiyofanana na yangu. Dereva akauliza nimesema nini. Nikaona aibu, nikaacha.

Uani alikuwako mama mzee akipepeta wimbi la uji kwenye ungo. "Hodi," nilisema.

Mwanamume akatoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake.

"Mama, ni yeye. Ni hiyo sauti."

Nikauliza swali ambalo ndilo nililokuja nalo kifuani, na ambalo ndilo halikufaa. "Mkeo yuko wapi?"

"Unasikia? Nauliza mke wangu!"

Alikuja kwangu. Mama yake akaweka ungo chini, akasimama katikati yetu. "Mwache aseme kwanza. Mwizi hawezi kuja mchana na kupiga hodi."

Nilieleza habari ya mtambo, tangu kubipu hadi sauti yangu. Mwanamume alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mashine naongea Kiswahili?" Akasema mkewe alikwenda kwao Majanji baada ya ule ugomvi, na simu ilikuwa inaita kila jioni mpaka yeye akaizima.

Mama mzee aliichomoa simu kwenye nyasi za paa la jikoni, akaiwasha. Kioo chake kilikuwa kimepasuka. Tukaenda wote watatu hadi kwenye kichuguu nyuma ya shamba, mahali pekee ambapo mtandao wa Uganda unashika mchana; nyumbani unafika jioni tu. Ukishuka kidogo tu, simu inanaswa na wa Kenya, na mtambo wetu haukuijua namba ikiwa huko.

Nikabipu. Tukangoja. Upepo ulitikisa mihogo, simu ikabaki kimya.

"Hakuna mashine," alisema.

Nikapanda juu kabisa ya kichuguu, nikabipu tena, nikampa simu yeye mwenyewe. Ikaita mkononi mwake. Nikamwonyesha kitufe cha kutoa sauti nje, kisha nikafunga mdomo na kuufunika kwa kiganja.

"Habari yako, mama," nilisema kutoka kwenye simu. "Nina ujumbe wako."

Alitazama mdomo wangu, akatazama simu. Akabonyeza moja.

Tukamsikia mkewe. Alisema kwa Kisamia, polepole, akivuta pumzi katikati ya maneno. Sikuelewa, lakini nilimwona mama mzee akishika kichwa. "Naita mume wake," aliniambia. "Naumwa tumbo. Nasema mtoto nakuja mapema, watu waje." Ujumbe ulikuwa wa juzi. Mtambo ulikuwa umejaribu kuufikisha kila jioni, kwa sauti ileile yangu, kwenye simu iliyozimwa.

Mwanamume aliangusha jembe, akakimbilia boda yangu iliyokuwa inasubiri njiani. Hakuaga.

Nilibaki uani na mama mzee. Alirudia wimbi lake, lakini alikuwa anapepeta ungo mtupu. Jua lilipoanza kushuka tulirudi kichuguuni bila kuambizana, tukasimama pale hadi simu ikaita. Alikuwa mwanawe, ameutumia mtambo ule ule kwa simu ya mama mkwe wake. "Mtoto wa kike. Ni mdogo sana, lakini nalia. Mama yake iko mzuri."

Yule bibi alikaa chini palepale kwenye udongo.

Wiki hiyohiyo tulifuta sauti yangu. Tulimwomba bibi arekodi yeye, kwa Kisamia na kwa Kiswahili chake cha sokoni, akakubali huku akicheka. Mwenzangu akaongeza mwanzoni maneno ya kueleza kwamba hii ni mashine, si mtu.

Baadaye nilikwenda kumwona yule mama kijana, amerudi Masinya na mtoto wake. Nilimkuta ameketi mlangoni akinyonyesha. Mumewe alinisalimu vizuri, akanipa kiti, akaenda shambani. Nikamuuliza yule mama kijana kama mambo ni mazuri.

"Ni mazuri," alisema. Akangoja mumewe aende mbali kidogo. "Alinisamehe. Lakini alinisamehe kitu ambacho sikufanya."

Laini yetu aliirudisha siku hiyo, imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Laini nyingine zilikuwa bado ziko Mwello na Majanji, ambako sauti yangu ilikwisha kupiga simu majuma yote yale. Tulizunguka tukiuliza nyumba kwa nyumba. Wengi walisema hakuna shida. Kuna waliosema hivyo huku mume amesimama karibu, na hao ndio ninaowafikiria mpaka leo.