Munir Aulizwa Kwao

Cicily wa Kibirichia alikuwa mtu wa kuchungulia. Alichungulia mawingu kabla ya kuanika nguo, akachungulia viazi kabla ya kushona gunia, na tangu binti yake Ntinyari amlete Munir nyumbani, alimchungulia Munir mpaka kijana wa watu akaanza kujikagua vifungo vya shati.

Hakumwona kasoro. Munir alikuwa mtaalamu wa mbegu za viazi, Mkristo, na mukimo alikula bila kubembelezwa. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuwa na nchi. Babu yake, Mpalestina, alikimbia kijiji chao cha Galilaya katika vita vya 1948. Munir mwenyewe alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Lebanoni, na hati yake ya kusafiria haikumtaja kuwa raia wa mahali popote. "Wajukuu wangu wataandikwa wa wapi?" Cicily alijiuliza kila alipomenya viazi.

Siku ya mazungumzo ya mahari, Munir alileta shada la miraa la kuombea mke, lililofungwa kwa majani ya mgomba. Jirani yao mzee Riungu, aliyempangisha nyumba, akakaa upande wake kama baba. Mutuma, shemeji yake Cicily na msemaji wa ukoo, akasafisha koo.

"Tuanze na mepesi. Mtamba, kondoo, fahali, mtungi wa asali. Hayo ya kwao huyu kijana tutayaangalia baadaye."

Ndivyo walivyozoea, jambo gumu lilingoja watu washibe. Cicily alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Mzee, naomba tusianze hivyo," Munir akasema. "Mimi nilizaliwa 1993, mwaka ambao viongozi wetu na wa Israeli walitia sahihi mkataba wa amani Washington. Walianza na mepesi. Magumu, yaani mipaka, Yerusalemu na sisi wakimbizi, wakayaweka ya baadaye, wakasema watayamaliza ndani ya miaka mitano. Mwaka 2000 wakakaa tena Camp David, wakainuka mikono mitupu. Nimeanza kuota mvi, mzee, na hiyo baadaye haijafika."

"Sasa unataka tukutafutie nchi kabla ya chai?" Mutuma akauliza, na benchi zima likacheka.

"Hapana. Nataka mniulize sasa."

Cicily akaweka birika chini. "Basi nauliza mimi. Watoto watakuwa wa wapi?"

"Mama, kwangu hawatapata kitu. Mama yangu ni Mlebanoni, lakini kule mwanamke hawezi kumpa mtoto wake uraia."

"Huku anaweza!" Ntinyari akapaza sauti kutoka jikoni. "Katiba imesema. Wangu watakuwa Wakenya hata baba yao akitoka mwezini!"

Cicily akashusha pumzi. Lakini Mutuma hakuwa amemaliza. "Na boma? Msichana wetu haendi kabla hatujaona boma la mume. Wala huyu hatakaa kwetu kama mwanamume aliyeolewa."

"Boma ni langu," akasema Riungu. "Nilimpa sehemu ya pale juu, na nyumba ameshajenga. Njooni mwone."

"Riungu, boma lako tunaliona kila siku! Kuku wako wanataga kwetu."

"Mmeona kuku. Boma bado."

Jumamosi iliyofuata, wanawake walibeba vikapu vya ndizi na unga, Mutuma akitangulia. Kati ya kwao na kwa Riungu palikuwa na pengo kwenye ua, hatua chache tu. Cicily akakataa katakata. "Wageni hawapenyi kwenye ua." Wakazunguka barabarani, wakapita dukani na kanisani wakiimba, hadi kwenye lango ambako Munir alingoja akiwa na tai.

Cicily alichungulia paa, akachungulia tangi la maji, akagonga mlango mpya kwa kidole. Kisha akamgeukia kijana.

"Na kijiji cha babu yako kinaitwaje?"

"Al-Bassa, mama."

"Huko nako tutaenda kuona boma."

"Tuliweke la baadaye?" Mutuma akamchokoza.

"Hiyo baadaye yako hebu iache," akasema Cicily, akamkabidhi Munir kikapu kizito kuliko vyote.