Taa za Arnfinn

Jirani yangu Arnfinn hajawahi kuona haya kusema kwamba anaogopa giza. Maisha yake yote ametengeneza injini za mashua za wavuvi hapa kijijini, pande la mtu kweli, lakini Novemba ikiingia ananuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Huku kwetu kaskazini ya mbali, mwisho wa mwezi huo jua likizama ndiyo basi, mpaka Januari. Sisi wengine hunung'unika tu. Yeye hujiandaa.

Mishumaa kila dirisha. Taa kwenye ngazi, taa bafuni, taa hata kwenye banda la kuni. Kahawa haishuki jikoni, na miguuni ana soksi nene za sufu alizofumiwa na mkewe, Borghild.

"Arnfinn, siku moja meli itapotea ije kutia nanga sebuleni kwako," nilikuwa nikimtania.

"Ije tu, Solfrid! Kahawa ipo."

Borghild alikuwa akicheka mpaka anaweka ufumaji chini.

Mwaka huu hacheki. Kumbukumbu zimemtoka. Yalianza majina, zikafuata siku, na sasa anaishi wakati wa vita, alipokuwa msichana mdogo na mama yake akiziba madirisha kwa mablanketi ili ndege zisiione nyumba. Arnfinn akiwasha mshumaa, yeye anaupuliza. Akiwasha tena, anaupuliza huku analia. Daktari alisema atazoea. Atazoea wapi! Arnfinn alinunua mapazia mazito, hayakusaidia. Akabakiza taa moja tu, ya jikoni, na juzi Borghild akaishika balbu ya moto kwa mkono mtupu akitaka kuing'oa. Usiku huo giza likamshinda Arnfinn, akaziwasha zote tena.

Jana mchana, nje giza totoro, niliwapelekea vitumbua vya maziwa. Nilimkuta Arnfinn anamfunga Borghild bendeji vidoleni.

"Lala kidogo, mpenzi. Vita vimekwisha zamani."

"Muongo wewe! Nani kakutuma? Taa zako zinazionyesha ndege njia!"

"Mimi? Mimi ni..." Akanigeukia. "Solfrid, nifanyeje? Nikiwasha, anateseka yeye. Nikizima, nateseka mimi. Niambie basi."

Nilishika sahani yangu kama mjinga, nikajawa na hasira, na hata wa kumkasirikia sikumpata.

Arnfinn akasimama. Akaanza na mishumaa ya sebuleni, akaibana mmoja mmoja kwa vidole. Akapanda ngazi, akashuka. Akatoka mpaka bandani. Mwisho akafika kwenye taa ya jikoni, akaishikilia swichi muda mrefu, kisha akaizima. Nikamsikia anapapasa viti, anagonga goti mezani, anaketi kando ya mkewe. Alikuwa anahema kama mtu aliyetumbukia kwenye maji baridi.

Borghild akatulia palepale. Kilio kikakatika.

"Ahsante," akanong'ona. "Una roho nzuri wewe. Nipe mkono, usiogope."

Akampa.

"Ila mume wangu akirudi usimwambie tumezima," akasema Borghild. "Anapenda taa sana, Arnfinn wangu. Atahuzunika."

"Sitamwambia," Arnfinn akajibu.